Kwa Nini Pistons Walimuuza Grant, Kisha Wakamlipa Harris

Swali: Mwaka 2022 Detroit Pistons, timu ya NBA (ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani), walimuuza Jerami Grant, mfungaji wao mkuu mwenye umri wa miaka 28. Miaka miwili baadaye, wakiwa dhaifu kuliko walivyokuwa naye, walimlipa Tobias Harris dola milioni 52 ingawa alikuwa na umri mkubwa zaidi na hakuwa mfungaji wa kiwango cha Grant. Kama mchezaji mzuri asiyekuwa nyota ana thamani kwa timu inayojijenga upya, kwa nini Grant aliondoka? Na kama hana, kwa nini Harris aliletwa?

Ndugu msomaji,

Umefanya vyema kuwaweka wawili hawa kwenye mizani moja, kwa sababu walivaa jezi ileile katika ujenzi uleule, na tofauti iliyobaki ni ya wakati. Kwa maoni yangu maamuzi yote mawili yalikuwa sahihi na yalitokana na hesabu moja. Mchezaji wa kiwango cha juu kabisa, kama Nikola Jokić wa Denver Nuggets, huinua timu yoyote atakayopewa, na wengine hutafutwa ili wamfae yeye. Mchezaji mzuri wa daraja linalofuata hana uwezo huo. Kazi yake hukamilisha kazi ya mwingine, kwa hiyo kabla ya kuuliza ana thamani gani ni lazima tuulize kama huyo mwingine yupo na amekomaa. Grant alifika Detroit kabla mtu huyo hajapatikana, na Harris alifika alipokuwa amekwisha kujulikana kwa jina.

Daraja ninalolizungumzia halina utata. Harris aliingia NBA mwaka 2011, na hadi anasaini na Pistons mwezi Julai 2024 hakuwa amechaguliwa hata mara moja kucheza mechi ya nyota, ile ya kila mwaka ya wachezaji bora wa ligi, ingawa Philadelphia walikuwa wamempa mkataba wa miaka 5 wa dola milioni 180 mwaka 2019. Grant naye aliondoka Detroit bila kuchaguliwa, pamoja na kwamba alikuwa na medali ya dhahabu ya Olimpiki ya Tokyo akiwa na timu ya Marekani. Ni wachezaji ambao kila kocha angefurahi kuwa nao, lakini hakuna timu iliyotwaa ubingwa ikiwategemea kama nguzo ya kwanza.

Tuanze na pointi, kwa maana ndizo zinazowapoteza watu wengi. Msimu wa 2019-20, akiwa na Denver Nuggets, Grant alifunga wastani wa pointi 12 kwa mechi, asilimia 47.8 ya mitupo yake iliingia, na ile ya pointi tatu iliingia kwa asilimia 38.9. Timu yake ilifika fainali ya Kanda ya Magharibi. Alihamia Detroit kwa mkataba wa miaka 3 wa dola milioni 60 kwa sababu alitaka jukumu kubwa zaidi, na katika msimu wa kwanza wastani wake ulipanda hadi pointi 22.3, huku asilimia zake zikishuka hadi 42.9 kwa jumla na 35 kwa mitupo ya pointi tatu. Pistons walishinda mechi 20 na kupoteza 52.

Je, Grant aliboreka au aliharibika kati ya misimu hiyo miwili? Nadhani alikuwa mchezaji yuleyule, aliyepewa kazi nyingine. Timu ya NBA, iwe bora au mbovu, hutupa mpira kikapuni mara zinazokaribia 90 katika mechi moja, na lazima apatikane wa kuitupa. Denver mitupo migumu iliwahusu Jokić na Jamal Murray, naye Grant alipokea pasi akiwa wazi. Detroit ndiye aliyekabwa na mlinzi bora wa wapinzani, na ndiye aliyepewa mpira saa ya sekunde 24, yaani muda wa shambulizi moja, ilipokaribia kwisha na mpango umeshindikana. Pointi zake ziliongezeka kwa sababu nafasi ziliongezeka, na ufanisi ulipungua kwa sababu nafasi zenyewe zilikuwa mbaya zaidi.

Hesabu ya jambo hili ni fupi, na nakushauri uizoee. Chukua mitupo ya kawaida ya mchezaji, ongeza mitupo yake huru, ile anayopewa baada ya kuchezewa rafu, iliyozidishwa kwa 0.44 (kwa sababu kwa kawaida miwili humaliza shambulizi moja, na mingine huja baada ya kikapu kuhesabiwa, hivyo haimalizi shambulizi lake lenyewe), kisha gawanya pointi zake kwa jumla hiyo. Tuseme mchezaji wa kwanza amefunga pointi 20 kwa mitupo 18 na mitupo huru 4. Jumla ya nafasi zake ni takriban 19.8, na kila nafasi imezaa pointi 1.01. Wa pili amefunga pointi 16 kwa mitupo 11 na mitupo huru 3. Nafasi zake ni takriban 12.3, na kila moja imezaa pointi 1.30. Wastani wa ligi katika misimu ya karibuni umekuwa kati ya pointi 1.14 na 1.16. Kwa hiyo yule wa pointi 20, ambaye picha yake ndiyo huwekwa kwenye bango la mechi, ametumia nafasi zake chini ya kiwango cha kawaida cha ligi. Hilo peke yake halimfanyi kuwa mchezaji mbaya. Linatuambia tu kwamba hawezi kuwa mtu wa kwanza wa timu inayotaka kushinda, na kwamba anayetaka kumnunua atazame pointi zipi kati ya zile 20 zitasalia atakapokuwa wa pili au wa tatu.

Kwa Grant, zilizosalia zilikuwa nyingi. Mtupo wa pointi tatu baada ya kupokea pasi ulisafiri naye popote, na vivyo hivyo urefu wake na uwezo wa kumkaba mlinzi mwepesi katika shambulizi moja na mshambuliaji mwenye mwili katika linalofuata. Kilichokuwa cha Detroit pekee ni ile mitupo ya kudunda na kusimama ghafla mbele ya walinzi wawili. Mnunuzi mwenye akili alilipia sehemu ya kwanza na hakuitia ya pili katika bei.

Sasa tutazame alichowafaa Pistons wenyewe. Walimpata akiwa mchezaji huru, kwa hiyo hawakutoa mchezaji wala chaguo la drafti (zamu ya kuteua chipukizi anayeingia ligi), bali nafasi tu ndani ya kikomo cha mishahara ambayo wakati huo hawakuwa na matumizi bora nayo. Walimpa mpira, akaonyesha alichonacho, bei yake ikapanda. Mwezi Juni 2022 walikubaliana na Portland Trail Blazers wamchukue kwa kubadilishana na chaguo la raundi ya kwanza la mwaka 2025 lililotoka Milwaukee pamoja na machaguo ya raundi ya pili. Usiku wa drafti, muda mfupi baadaye, chaguo hilo la Milwaukee lilipelekwa New York katika biashara ya timu tatu, na Detroit wakapata haki ya Jalen Duren, mchezaji wa kati mwenye umri wa miaka 18 aliyekuwa ameteuliwa wa 13. Ukiifuata njia yote, Pistons waliibadili nafasi tupu ya mshahara ikawa Grant, wakambadili Grant akawa Duren, ambaye ni mdogo kwa miaka miwili kuliko Cade Cunningham, kijana ambaye timu ilikuwa ikijengwa kumzunguka. Kwa timu iliyokuwa imeshinda mechi 23 na kupoteza 59 msimu ule, hiyo ndiyo ilikuwa thamani kubwa kabisa ya Grant, na isingepatikana kwa kuendelea kumtazama akifunga.

Lipo pingamizi ambalo bila shaka umelisikia: kwamba mchezaji mzuri huidhuru timu inayojijenga kwa kuiletea ushindi usio na maana, ambao hupunguza uwezekano wa kupata chaguo la kwanza. Zamani hoja hiyo ilikuwa na uzito, kwa kuwa timu ya mwisho ilikuwa na asilimia 25 ya kushinda bahati nasibu ya drafti, ile kura inayoamua nani ateue kwanza. Tangu 2019 timu tatu za mwisho zilipewa asilimia 14 kila moja, na ile ya mwisho kabisa iliweza kuteremka hadi chaguo la tano. Detroit wenyewe ni ushahidi wa pande zote mbili. Mwaka 2021, wakiwa na Grant na rekodi ya pili kutoka chini, walipata chaguo la kwanza na kumteua Cunningham. Mwaka 2023 walimaliza wa mwisho kwa ushindi wa mechi 17, wakapewa chaguo la tano. Mwaka 2024 walimaliza wa mwisho tena kwa ushindi wa mechi 14, wakapewa la tano tena. Mechi chache anazokushindia mchezaji mzuri ukiwa chini kabisa hazikugharimu karibu chochote. Gharama huanza anapokupandisha kutoka mkiani hadi katikati ya jedwali kabla vijana wako hawajaiva, kwa sababu hapo asilimia hushuka haraka na hatua ya mtoano bado iko mbali.

Kati ya Grant na Harris yuko mtu wa tatu, ambaye hukumtaja, na kwangu ndiye mwenye mafunzo zaidi kuliko hao wawili. Bojan Bogdanović aliletwa kutoka Utah mwezi Septemba 2022 akiwa na miaka 33, kwa kubadilishana na Kelly Olynyk na Saben Lee. Cunningham aliumia mfupa wa muundi na kucheza mechi 12 tu msimu huo, na Bogdanović akabaki akifunga wastani wa pointi 21.6, wa juu kuliko wote katika maisha yake ya NBA, huku mitupo yake ya pointi tatu ikiingia kwa asilimia 41.1. Hizi hazikuwa pointi za mtu anayepoteza mpira ovyo; huyu alikuwa mtupaji wa kweli ambaye timu yoyote yenye kiu ya ubingwa ingemtumia siku hiyohiyo. Dirisha la biashara la Februari 2023 lilifungwa akiwa bado Detroit, na taarifa za wakati ule zilisema klabu ilitaka chaguo zuri la raundi ya kwanza na haikulipata.

Kwa maoni yangu walipaswa kumwachia hata kwa bei iliyo chini ya hiyo, na sababu ni umri uliolinganishwa na umri. Cunningham angefikisha miaka 23 mwezi Septemba 2024, na wakati huo Bogdanović angekuwa na miaka 35. Hakuna hesabu iliyoonyesha wawili hao wakifika kilele pamoja. Msimu wa 2023-24 Bogdanović aliukosa mwanzo wake kwa jeraha la misuli ya mguu, Pistons wakapoteza mechi 28 mfululizo, na Februari 2024 alipelekwa New York pamoja na Alec Burks. Detroit walipata Quentin Grimes, machaguo mawili ya raundi ya pili na wachezaji wa kujazia mishahara. Hawakutoka mikono mitupu, lakini mwaka mmoja wa kungoja ulikuwa umekula sehemu kubwa ya bei. Mchezaji wa daraja hili aliyevuka miaka 30 hupoteza thamani sokoni hata akicheza vizuri, kwa sababu kila mwezi unaopita humpunguzia mnunuzi misimu ya kumtumia.

Utaniuliza, basi Harris mwenye miaka 32 alikuwa na nini? Alikuwa na Cunningham aliyekomaa. Msimu wa 2023-24, ndani ya ile timu iliyoshinda mechi 14, Cunningham alifunga wastani wa pointi 22.7 na kutoa asisti 7.5, na mwezi Julai 2024 klabu ikampa mkataba mpya wa juu kabisa wa miaka 5. Swali la nani ataubeba mzigo lilikuwa limejibiwa. Lililobaki ni kwamba hakuwa na nafasi ya kupumua uwanjani.

Tazama shambulizi moja la kawaida la timu ile. Cunningham anavuka mstari wa kati akidunda mpira, Duren anapanda na kusimama kando ya mlinzi wake ili amzuie, kisha Duren anageuka na kukimbilia kikapuni. Walinzi wawili sasa wamebanwa na washambuliaji wawili, kwa hiyo mlinzi wa tatu lazima aje kutoka kona. Msimu wa 2023-24 mlinzi huyo mara nyingi aliondoka kona bila wasiwasi, kwa sababu aliyemwacha nyuma alikuwa Ausar Thompson, kijana mwenye kipaji kikubwa cha ulinzi ambaye mitupo yake ya pointi tatu iliingia kwa asilimia 18.6. Duren alikutana na ukuta, Cunningham akarudishiwa mpira saa ikiwa imebaki na sekunde sita, na mtupo uliofuata ukawa mgumu. Msimu uliofuata, kwenye kona hiyo alipokuwapo Harris, mlinzi wake alilazimika kuchagua. Harris si mtupaji wa ajabu, lakini si mtu wa kuachwa wazi, na akikabwa na mlinzi mfupi kwa sababu wapinzani wamebadilishana, humgeuzia mgongo, humsukuma hatua mbili na kutupa juu ya kichwa chake. Kusita kwa nusu sekunde kwa yule mlinzi wa kona ndiko kunakompa Duren njia ya kikapu, na katika takwimu za mechi Harris haonekani popote katika kikapu hicho.

Alimaliza msimu wa 2024-25 akiwa na wastani wa pointi 13.7 na ribaundi 5.9. Cunningham alipanda hadi pointi 26.1 na asisti 9.1, na Pistons walishinda mechi 44. Haki inanitaka niseme kwamba hawakuongeza Harris peke yake: waliletwa pia Malik Beasley na Tim Hardaway Jr., wote watupaji wa mbali, na kocha mpya J.B. Bickerstaff alibadilisha ulinzi wote. Hata hivyo wachezaji wote watatu waliletwa kwa fikra ileile, ya kuwazungushia vijana watu wazima wanaojua pa kusimama.

Mipaka ya mchezaji wa namna hii nayo ilionekana wazi katika hatua ya mtoano dhidi ya New York Knicks. Katika mechi ya kwanza Harris alifunga pointi 25, na 22 kati ya hizo zilikuwa za nusu ya kwanza. Detroit waliingia robo ya nne wakiongoza, kisha Knicks wakafunga pointi 21 mfululizo bila kujibiwa na kushinda. Mchezaji mzuri anaweza kukufikisha robo ya nne ukiwa mbele. Ulinzi unapokaza na kila mtu anajua mpira unakwenda wapi, anayehitajika ni yule wa daraja la juu, na Jalen Brunson wa Knicks ndiye aliyekuwa nalo usiku ule. Pistons walishinda mechi ya pili, wakakomesha mfululizo wa kupoteza mechi 15 za mtoano ulioanza mwaka 2008, na hatimaye wakatolewa kwa mechi 4 dhidi ya 2. Kwa timu iliyotoka kupoteza mechi 68, nauhesabu mfululizo huo kuwa malipo halali ya dola walizotumia, kwa kuwa vijana wao walijifunza mambo ambayo hayafundishwi mazoezini.

Nikushauri pia kuhusu kipimo kimoja kinachopendwa sana, kile cha kulinganisha matokeo ya timu mchezaji akiwa uwanjani na akiwa benchi. Katika timu dhaifu kipimo hicho humtukuza kila anayeanza, kwa sababu anayechukua nafasi yake huwa ni mtu ambaye kwingine asingepewa dakika kumi. Ukitaka kukitumia, tazama dakika ambazo mchezaji yuko pamoja na kijana anayetegemewa, uzilinganishe na dakika za kijana huyo bila yeye. Hapo ndipo unapojua kama anamkuza au anamnyang'anya mpira.

Upande wa wauzaji, mfano safi kuliko wote ninaoujua ni wa Orlando Magic. Mwezi Machi 2021 walimtoa Nikola Vučević, aliyekuwa ameteuliwa mara mbili kwa mechi ya nyota, wakapata kutoka Chicago Bulls Wendell Carter Jr., Otto Porter Jr. na machaguo mawili ya raundi ya kwanza. La kwanza kati ya hayo liliangukia nafasi ya nane mwaka uleule, na Magic wakamteua Franz Wagner. Vučević hakuwa mchezaji mbaya Chicago. Bulls walinunua kikamilisho kabla ya kuwa na cha kukamilisha, na hadi 2025 walikuwa wamefika hatua ya mtoano mara moja tu.

Limebaki suala la urefu wa mkataba, ambalo mashabiki hulipita haraka na ambalo mimi hulitazama kabla ya mshahara wenyewe. Harris alipewa miaka 2, takriban dola milioni 26 kwa mwaka, wakati kikomo cha mishahara kilikuwa dola milioni 140.6, yaani chini ya moja ya tano ya nafasi yote, na kwa muda ambao ungekwisha kabla mikataba mikubwa ya vijana haijarundikana. Portland walifanya kinyume chake kwa mtu wako Grant. Walipomchukua mwaka 2022 walimtaka amsaidie nyota wao Damian Lillard kushinda mara moja, wakashinda mechi 33 na kupoteza 49. Mwanzoni mwa Julai 2023 walikubaliana naye mkataba mpya wa miaka 5 wa dola milioni 160, na katika siku zilezile Lillard akaomba kuuzwa. Grant hakubadilika kwa lolote kati ya asubuhi na jioni, lakini timu aliyotia saini kuikamilisha haikuwapo tena, na Portland wakaanza kujijenga upya wakiwa wamefungwa kwa miaka mitano na mchezaji mzuri ambaye timu nyingine zilijua kabisa kwamba hawamhitaji.